Shimo la Majani Mabichi

Kule kwao Rutshuru, Mukantwari hakuhangaika na maji. Ulishuka bondeni, ukapasua majani, mukono ukalowa. Lakini tangu bwana yake Viateur amulete huku Lac Vert, karibu na ziwa, kwenye njia ya Sake, mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi hukuti hata kidimbwi. Mawe meusi ya volkano yalikunywa yote. Maji ni ya ziwa tu, na kufika ziwani ni kukanyaga mawe yanayokata nyayo kama vigae.

Viateur alifanya kazi ya kamiyo, malori ya mizigo; aliondoka, akarudi siku barabara ilipopenda. Nyumbani walibaki Mukantwari, binti yake Furaha aliyekuwa ameanza kutembea, na Gaju, mbuzi aliyepewa na mama yake siku ya kuondoka. Kwa kukosa mutu, alizungumza na mbuzi, kwa Kinyarwanda cha nyumbani. "Gaju, tumeamukaje leo?" Gaju alitafuna.

Jirani alikuwepo, Kuluthumu, bibi ya mufanya biashara wa Maniema. Siku za kwanza alikuwa akimusalimia. Lakini Mukantwari alijua Kiswahili kidogo, na haya zilikuwa nyingi. Alijibu akitazama chini, akafunga mulango. Salamu inayojibiwa hivyo huchoka. Mara moja tu Kuluthumu alimuonyesha shimo kubwa nyuma ya mashamba ya kahawa, akasema, "Mama Furaha, pale kuko mazuku. Asubuhi usishuke." Mukantwari aliitika, akaenda zake akicheka moyoni. Watu wa huku wanaogopa mizimu! Yeye amebatizwa.

Asubuhi moja kibuyu kilikuwa kikavu, na hewa imetulia, hata jani la mugomba halitikisiki. Alitazama shimo lile. Majani yake yalikuwa mabichi kuliko yote, na hakuna njia hata moja iliyoshuka humo. Moyo ukamuruka. Kwao, pakiwa chini na pakiwa kijani, pana maji.

"Gaju, wanatuficha kisima," akasema.

Akashuka, mutoto mugongoni, jembe mukononi, mbuzi mbele. Chini hapakuwa na sauti, hata ya nzi. Gaju akapiga magoti, akalala ubavu.

"Muvivu wewe!"

Akafungua kikwembe, akamuketisha Furaha kwenye majani, akainama kuchimba. Udongo mukavu. Akainama tena. Kichwa kikawa kizito kama cha mutu aliyeshinda kwenye pombe ya ndizi.

"Mama Furaha! Mutoto! Mubebe mutoto!"

Kuluthumu alisimama juu ukingoni, anapunga mikono miwili, lakini hashuki. Mukantwari akakasirika. Ameona nimepata maji, sasa ananifukuza. Akamugeuzia mugongo, akainua jembe.

"Wee mujinga! Angalia mbuzi yako!"

Akaangalia. Jicho la Gaju lilikuwa wazi, tumbo halipandi wala halishuki. Na pembeni yake Furaha alikuwa amelaza shavu kwenye majani, kama mutoto aliyeshiba.

"Muinue! Juu ya kichwa! Panda!"

Alipanda, mutoto juu ya kichwa. Alipofika ukingoni Kuluthumu alimunyang'anya mutoto, akamupepea kwa mutandio, akamupigapiga nyayo. Kimya. Akamupepea tena. Furaha akatapika, halafu akalia.

"Mazuku si mizimu kama wageni wanavyofikiri, mama," Kuluthumu akasema. "Ni hewa mbaya ya chini ya mawe. Pasipo upepo inalala mashimoni kama maji. Mukubwa akisimama inamufika magotini. Mutoto na mbuzi wanaikunywa yote."

"Mbona hamukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaitika kama mutu anayejibu polisi, ukaenda."

Mukantwari akamuchukua mutoto, akamubeba mugongoni.

Gaju alibaki kule chini. Hakuna aliyekubali kumufuata. Kutwa nzima, kila alipotoka mulangoni, Mukantwari aliona ule mugongo wa rangi ya udongo katikati ya kijani. Hakumushusha Furaha mugongoni, hata alipopika. Akafungua kinywa kusema neno, akakumbuka kwamba hakuna wa kuambiwa.

Jua lilipoanza kushuka, alikwenda kusimama kwa jirani.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi." Maneno ya Kiswahili aliyatafuta moja moja. "Nionyeshe mashimo mengine."

Kuluthumu akafungua mulango wote.

"Ni mengi, mama. Ingia kwanza."