Sahani ya Bracamonte
…au ametia, hapana, hajatia, nyama iko motoni tangu gari la kwanza lianze kupasha injini na Ofelia Goñi hakumbuki kama ametia chumvi, siku hizi mikono yake inafanya kazi bila yeye, akamega kidogo akaonja, kweli haina, akanyunyiza, mollejas hazisamehe, matezi ya ndama ukiyakosea chumvi mapema ndiyo basi tena, na kuliani kwake kaka yake Anselmo ameketi kwenye kiti cha turubai, redio magotini, sauti imefunguliwa mpaka mwisho na redio haisemi neno. Ndivyo walivyokubaliana watu wa kwenye seng'enge ya uwanja wa mbio za magari, mashabiki wa Ford na wa Chevrolet kwa mara moja maishani mwao, kwamba leo mpaka magari yaondoke kila redio iwashwe na kituo kiache kipaza sauti cha mtangazaji wao Hilario Bracamonte wazi mbele ya kiti kitupu, na kinachosikika ni upepo unaogonga dirisha la kibanda cha matangazo, basi, upepo huohuo kwenye redio ya kila moto wa nyama… zamani ungetoka hapa ukaenda chooni kule mwisho ukarudi usikose neno lake hata moja, redio zilikuwa zinakupokezana njia nzima, kwa sababu ukiwa hapa unaona kona moja tu, gari linapita vuu limekwenda, mengine yote uliyaona kwa mdomo wa Bracamonte, na mdomo gani ule, ulikuwa hauna breki, wakubwa wa mashindano aliwaambia wamelala, matajiri wa timu aliwaambia ni wachoyo, mashabiki wake mwenyewe aliwaambia wamelewa tangu Ijumaa, na kila alichosema alikisema mara mbili, narudia, kwa wale mnaojifanya hamkusikia, na watu walicheka, wakatukana, wakaongeza sauti. Wiki hii moyo wake umesimama akiwa anakunywa kahawa, na leo wote hawa ni yatima, hata Lalo pale moto wa pili amefunga kitambaa cheusi mkononi na anafuta macho, Lalo, ambaye mfupa wa mbavu alioutupa yeye ndio uliopasua kioo cha kibanda siku ile walipomzomea Bracamonte, unalia nini sasa, mnafiki wee… na wewe je, Ofelia.

"Dada, zimeiva?"

Bado, anasema, bado, na Anselmo anaendelea kuongea, sijui anaongea naye au na redio, kwamba si kwamba alimchukia marehemu, kwamba mtu akikuvua kofia ya udereva mbele ya nchi nzima huwezi kumpenda lakini kumchukia ni kitu kingine… anamsikia nusunusu, anageuza vipande kwa koleo, upande mmoja umeshika rangi ya dhahabu, Bracamonte alizipenda hivi, nje zikauke na ndani ziwe laini, na ndimu, usisahau ndimu, kila mbio sahani ya kwanza kwenye moto wa kina Goñi ilikuwa yake na Ofelia ndiye aliyeipandisha ngazi za kibanda, imefunikwa kwa sahani nyingine, akaipokea huku akitangaza, akatafuna huku akitangaza, nchi nzima ikasikia anavyotafuna. Mara ya mwisho hakutafuna. Siku ile Ofelia alimpa sahani akabaki mlangoni badala ya kushuka, akasubiri matangazo ya biashara, akamwambia, Hilario, kaka yangu haoni upande wa kushoto. Amegonga lango la shamba mchana kweupe akasingizia jua, anamimina divai nje ya glasi, na zile herufi za daktari wa macho amezikariri, mimi mwenyewe nimemsikia bafuni akizisoma kama sala. Bracamonte akaweka uma chini. "Mwambie ateremke garini," alisema. "Nimemwambia. Amenifungia mlango." Akamtazama kidogo tu, hakuuliza kingine, na Jumapili iliyofuata magari yakiwa yamejipanga akasema hewani kwamba Anselmo Goñi haoni kushoto, narudia, kwa wale mnaojifanya hamkusikia, haoni kushoto, mteremsheni kabla hajaua mtu au hajajiua.

Wakubwa wa mashindano wakampima, wakamteremsha. Na miluzi ikaanza, ya kumzomea Bracamonte. Mungu wangu, miluzi ile, uwanja mzima, kisha mifupa, kisha chupa, na Ofelia alikuwa hapa hapa, watu wa moto wake wote wamesimama, Lalo anamtazama, angefanya nini, akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi na yeye, mrefu, hakuna aliyempita, akiwa na furaha tele moyoni kwamba kaka yake atazeeka. Kule juu Bracamonte aliinua macho, akamwona, ana hakika alimwona, kisha akaendelea kusoma majina ya magari. Walimuuliza nani kakwambia, waandishi wenzake walimuuliza, Anselmo alimpigia simu akamtukana na mama yake, naye jibu lilikuwa moja, ameniambia mtu mwenye macho mawili, basi, yeye ambaye maisha yake yote alishindwa kuficha siri ya yeyote. Sahani haikupanda tena. Na kila mbio akisalimia watu wa kwenye seng'enge, moto kwa moto, alimalizia, na salamu kwa moto ule uliosahau kwamba nina njaa, na wao wakamzomea na Ofelia akainamia nyama. Miaka yote hiyo kila alipofungua redio aliwaza, leo atanitaja, mdomo kama ule utashikilia mpaka lini, na hakutajwa, na akashukuru, na akasubiri tena, na hata sasa hivi, si ndicho anachofanya hapa, ametega sikio kwenye upepo wa kibanda kana kwamba jina lake litatoka humo. Halitatoka. Hakuna tena wa kulisema.

"…kitu kimoja tu ningemuuliza," Anselmo anasema. "Nani alinichongea. Hicho tu, Dada, halafu ningemsamehe."

Marehemu atamsamehe, sawa, na huyo mwingine je, maana aliapa mezani, Krismasi ile, kwamba akimjua mtu huyo hatakula naye meza moja mpaka anakufa, na meza yenyewe ni ile ya jikoni, ya watu wawili, mke wake alishaondoka, yeye Ofelia hakuwahi kuolewa, kila siku supu, kila siku yeye upande huu na kaka upande ule, mnene, mzima, mbishi, anayeiba karata hata akicheza na dada yake, miaka yote hiyo ya supu aliipata kwa kumuuza, na bei akalipa mtu mwingine, akailipa kwa miluzi na hakudai hata kipande cha nyama. Akatoa vipande kwenye moto, vile vizuri zaidi, akavipanga sahanini, akakamua ndimu, akafunika kwa sahani nyingine bila kufikiri… halafu akafikiri, ampelekee nani, kipaza sauti?

"Mimi ndiye niliyemwambia," anasema.

Redio inavuma upepo. Kule mbele injini zinanguruma. Anselmo anageuza shingo yote, maana dada yake amesimama kushoto kwake, kama alivyozoea kusimama miaka yote hii, upande asioonekana.

"Unasemaje?"

Angeweza kusema zimeiva. Anaiona kabisa njia hiyo, iko wazi, nyama ipo, sahani ipo mkononi. Akazunguka kiti cha turubai polepole mpaka upande wa jicho zima, akasimama hapo.

"Narudia," alisema.