Chini ya Mnyaa wa Khalayi

Meno ya jembe yaligonga kitu kilichotoa mlio wa chuma, na Mwalimu Barnaba akabaki ameinama vile vile, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka chini ya ardhi.

Alidhani ni mzizi. Tangu chai ya saa nne alikuwa akilichimba kichaka cha mnyaa wa maua ambacho marehemu mkewe, Khalayi, alikipanda pembeni mwa bustani miaka kumi na minne iliyopita. Haukuwa mnyaa wa wigo unaojulikana na kila mtu, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani. Huu ulikuwa ndugu yake wa kigeni, mfupi wa kufika magotini, wenye majani yaliyofifia kama yamepakwa majivu na vichwa vya maua ya manjano mabichi yanayodumu kwa miezi. Khalayi alipewa kipande chake na mtafiti mmoja huko Isecheno, alikokuwa akiwapikia wageni wa msitu. Jua la Januari halikuuweza. Mvua ya mawe iliulaza chini, nao ukaamka. Kila ulipokatwa, ulichipua tena kutoka shinani kama uliochokozwa.

"Ni maziwa yake," Khalayi alizoea kusema. "Yanawasha kama moto. Hata mbuzi anaunusa tu na kwenda zake."

Alipofariki, Barnaba aliurithi kama mtu anavyorithi mtoto. Alijifunza kuupogoa baada ya maua kukauka, kuunyima mbolea na maji mengi, kuvaa glavu za mpira na shati la mikono mirefu. Lakini mwaka huu kichaka kilikuwa kimeanza kufa katikati na kubaki duara la machipukizi lenye upara ndani yake. Dawa aliijua: kukichimba chote kabla ya mvua za Machi kushika, kukigawa, kutupa moyo uliokufa na kupanda upya vipande vichanga vya pembeni. Kipande kimoja kingekwenda kwenye kaburi la Khalayi, nyuma ya nyumba, kwa ajili ya ibada ya Jumamosi ya kutimiza miaka mitatu.

Akapiga magoti. Akafukua udongo kwa vidole, akaisogeza mizizi iliyojisokota kama kamba. Chini yake kulikuwa na kipande cha saruji cha mraba, ukubwa wa mkate, chenye ncha ya chuma katikati na tarakimu zilizochorwa upande mmoja.

Bikoni. Alama ya mpaka.

Alitazama kushoto, kwenye mstari wa miparachichi ambayo tangu utoto wake aliambiwa ndiyo mpaka. Kutoka pale alipopiga magoti hadi kwenye miti ile ilikuwa hatua sita. Hatua sita hizo, kwa urefu wote wa shamba, ndizo Protus, jirani yake, alizodai kuwa ni zake.

Wazee wa kijiji walikuja kuamua ugomvi huo miaka kumi na minne iliyopita. Walichimba huku na kule wakitafuta bikoni, wasiione. Barnaba akasimama mbele yao na kusema yale aliyoonyeshwa na baba yake. Hakudanganya, alisema alichokiamini, tena kwa sauti ile ya darasani iliyokuwa imewafundisha kusoma nusu ya waliokuwa pale. Nani angemwamini Protus mkata miti dhidi ya Mwalimu? Jumapili iliyofuata Protus alisimama kanisani, kofia mkononi, akaomba radhi kwa kumsingizia jirani. Barnaba alimpa mkono na kumsamehe mbele ya watu wote. Miaka kumi baadaye Protus akafa.

Na Khalayi? Khalayi aliwapikia wazee chai.

Barnaba alilitazama shimo. Lilikuwa na kina cha kiwiko. Hakuna mtu angeweza kuupanda mmea ule pale asiione saruji ile. Akakumbuka, bila kutaka, kwamba wiki ile ile mikono ya Khalayi ilikuwa imejaa malengelenge ya utomvu. Alimfunga bandeji yeye mwenyewe, akamgombeza kwa kukimbilia kupanda wakati ardhi ingali kavu. "Nilitaka ushike mapema," mkewe alimjibu, asimtazame. Wazee walichimba kila mahali isipokuwa chini ya ua changa la mama aliyekuwa akiwaandalia chai. Baada ya hapo, kila Krismasi Khalayi alipeleka kuku kwa akina Protus, na kila Krismasi Barnaba alishukuru kwamba ameoa mwanamke asiyeweka kinyongo.

Jasho lilimtiririka usoni. Akajifuta kwa mkono, na mkono ulikuwa na glavu, na glavu ilikuwa imelowa maziwa ya mnyaa.

Jicho la kulia liliwaka moto, kisha la kushoto. Akapiga ukelele ambao hakujua anao. Akasimama, akajikwaa kwenye jembe, akaanguka kifudifudi.

"Mwalimu! Mwalimu, ni nini?"

Aliitambua sauti ya Gentrix, mjane wa Protus. Alisikia majani yakikatika alipokuwa akipenya kati ya miparachichi.

"Macho," akasema. "Maziwa ya huu mnyaa."

"Usisugue! Toa hizo glavu. Keti hapo hapo."

Alisikia bomba la tangi likifunguliwa, kisha mkono wake mgumu ukamwinua kidevu. Maji baridi yakamwagika juu ya macho yake, jagi baada ya jagi. Alimwambia afumbue, akafumbua, akaona ukungu mweupe tu, akafumba tena kwa uchungu.

"Fumbua tena, Mwalimu. Lazima yatoke yote. Protus yalimwingia wakati mmoja, nikamwosha hivi hivi mpaka jua likatua."

Barnaba alitaka kumwambia aende. Alitaka kumwambia ampeleke nyumbani, mbali na pale, palipokuwa na shimo wazi hatua mbili kutoka miguuni pao. Alifikiri: nikipona nitalifukia. Nitaurudisha mmea, hakuna atakayejua. Fikra hiyo ilimjia nyepesi sana, kana kwamba ilikuwa imekaa ndani yake muda mrefu ikingoja kuitwa, na ikamtisha kuliko upofu.

Maji yakakoma.

Alingoja jagi jingine, lisije. Alisikia ndege wa msituni, na pumzi za Gentrix.

"Mwalimu," akasema polepole. "Hiki ni nini?"

Bado angeweza kusema ni jiwe.

"Ni bikoni, Mama Clifford," akasema. "Ni ile ambayo Protus aliitafuta. Nimeiona sasa hivi. Naapa nimeiona sasa hivi. Lakini Khalayi… Khalayi aliiona siku aliyopanda."

Alijiandaa kutukanwa. Alijiandaa hata kupigwa. Badala yake alisikia kitu kizito kikishuka chini. Gentrix alikuwa amekaa juu ya udongo uliochimbuliwa.

"Ni mimi niliyemlazimisha aombe radhi," akasema.

"Nini?"

"Protus. Hakutaka. Alilia, mwanaume yule. Akaniambia, Gentrix, bikoni ipo, mimi niliiona nikiwa mtoto. Nikamwambia ameze kiburi chake, Mwalimu hawezi kusema uongo. Nikamwambia anatuaibisha. Alipokuwa anakufa nilimuuliza kama amenisamehe mengine yote. Hilo sikumuuliza, kwa sababu nilijua nilikuwa na haki."

Barnaba alinyoosha mkono gizani mwake, akagusa udongo, akaurudisha.

Gentrix aliinuka. Akajaza jagi, akamwinua kidevu, akaendelea kumwosha, kwa upole ule ule. Jicho la kushoto likaanza kuona: kwanza rangi ya leso yake, kisha uso wake uliokuwa umezeeka tangu alipoutazama mara ya mwisho.

"Inatosha," Gentrix akasema. Akafuta mikono, akatoa simu, akabonyeza jina la mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Mumias.

"Clifford? Ndiyo, niko mzima. Sikiliza. Ni kuhusu baba yako…" Akajaribu tena, akashindwa. Akaishusha simu na kumnyooshea Barnaba. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Barnaba aliishika kwa mikono miwili. Iliteleza kwa maji, nusura imponyoke.

"Mama? Haloo? Ni nini kuhusu baba?"

"Si mama. Ni mimi, Mwalimu Barnaba."

"Mwalimu!" Sauti ya kijana ikachangamka ghafla, ikajaa heshima. "Mwalimu wangu! Siku nyingi jamani. Habari za huko?"