Petroli ya Mama Mkwe

Ijumaa ile nilikunywa maji ya bomba badala ya chai, nikalaumu umeme. Ulikuwa umekatika Bertrams nzima, mtaa wetu wa Johannesburg, tangu jana yake jioni, na jiko la mafuta la mama mkwe, ambalo hutuokoa siku kama hizo, lilikaa pembeni limepoa. Sikuuliza kwa nini, maana mume wangu alikuwa tayari uani, analizunguka lile gari lake jekundu na kitambaa mkononi, anafuta palipokwisha kufutwa.

"Baba Carmel, utaifuta mpaka rangi itoke," nikamwambia.

"Acha. Leo haiko siku ya maneno," Ruphin akajibu.

Gari hilo hakulinunua, alilijenga. Ni mfano wa gari la mashindano la zamani, la watu wawili, lisilo na paa. Bodi ya faiba aliipata kwa Mzungu mmoja aliyeanza akakata tamaa, chesisi aliichomelea mwenyewe kule Jeppestown, viti nilivishona mimi kwa cherehani yangu ya Yeoville, na injini kuukuu aliifufua Seif, fundi wa Tanga, rafiki yake tangu walipokuwa walinzi wa geti moja. Ruphin alipewa barua ya kumruhusu kulisajili, ila kwa masharti: breki, taa, mikanda, moshi. Mengine tulishapita. Ulibaki moshi, na barua ilikuwa inakufa siku hiyohiyo, ofisi zikifungwa. Anayeanza upya siku hizi tuliambiwa alete injini mpya, na injini mpya haikuwa inaingia mle wala mfukoni mwetu. Likishindwa leo, kuku watapata banda.

Mimi si mtu wa kusubiri, nasema wazi. Lakini kilichonihangaisha hakikuwa gari. Tangu tutoke Uvira, kule Kongo, kila alichoanza Ruphin kiliishia njiani: chuo cha ufundi, duka la vipuri, hata karatasi yake ya ukimbizi ni ya kwenda kuongezewa muda kila ikiisha. Gari hili ndilo jambo la kwanza alilokaribia kulimaliza. Wiki nzima hakulala wala kula sawasawa, na mimi niliogopa hasa. Nilijua wakilikataa gari, yeye atajiona ndiye aliyekataliwa.

Mama mkwe, aliyetufikia kutoka Uvira baada ya Pasaka, alitoka akaweka kiganja juu ya boneti akaanza kuomba. Akaombea magurudumu, akaombea usukani.

"Mama, tutachelewa," nikasema.

"Mungu hachelewake."

"Mungu hachelewi, Mama, lakini ofisi zinafunga."

Ruphin akawasha. Injini ikaitika mara moja, akatoka peke yake, na mimi nikapanda pikapu ya Seif kumfuata nyuma. Nilikuwa nakanyaga breki nisiyokuwa nayo.

"Shemeji, tulia," Seif akanicheka. "Utanitobolea sakafu."

Tulipovuka robot ya pili, taa za barabarani kwa lugha ya huku, kicheko kikamwisha. Gari lilianza kukohoa. Moshi mweupe ukatoka nyuma, kwanza kidogo, halafu mwingi, hata dereva wa teksi aliyekuwa pembeni akapandisha kioo na kututukana kwa Kizulu.

Kituoni mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliingiza mrija wa mashine yake kwenye ekzosi. Namba zikapanda, akarudi hatua nyuma anapepea uso.

"Eish, bhuti, kaka yangu, hapa unachoma nini?" akauliza kwa Kiingereza. Akaandika kwamba limeshindwa. Kisha, labda kwa sababu ya sura ya mume wangu, akaongeza: "Geti linafungwa saa tisa. Ukilitengeneza kabla ya hapo, njoo kwangu moja kwa moja."

Tulilisukuma nje hadi kando ya barabara, na hapo Ruphin akamgeukia Seif.

"Wiki muzima minakusifu kwa kila mutu. Njo ile banasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kabureta uliifunga namna gani?"

"Jana jioni injini ilikuwa inaimba, bwana! Muulize mama yako, alikuwa amesimama palepale."

"Mama yangu usimuingize!"

Wakakaribiana vifua, watu wazima wawili waliokula sahani moja miaka yote hiyo. Ningewatenganisha, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza mwendo wake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na safari moja ikanipitisha nyuma ya ekzosi. Nikanusa. Harufu ile nilikuwa naijua, na haikuwa ya barabarani. Ilikuwa ya jikoni kwangu. Nikakumbuka chai niliyoikosa.

"Seif, jana ulimwambia mama nini?"

"Nilimwambia amkumbushe Ruphin aongeze petroli. Tangi lilikuwa karibu kukauka."

"Baba Carmel, uliongeza?"

"Hapana. Nilikuwa mu usingizi. Hakuna mutu aliniambia."

Nikapiga simu. Mama mkwe akapokea kwa kupaza sauti, kama kawaida yake, anaamini Johannesburg ni mbali na kila mahali.

"Ruphin alikuwa amelala, mwanangu, ile usiku ya kwanza mu wiki. Nikasema, nisimuamushe. Nikatia petrole mwenyewe, bidon muzima. Iko nakimbia muzuri?"

"Bidon gani, Mama?"

"Ile ya jiko. Kuko petrole ingine?"

Kwa Seif, petroli ni ya gari, habari imekwisha. Kwetu Uvira petrole ni mafuta ya taa, na ya gari tunaita esansi. Sisi tuliokaa huku tulishazoea, tunasema petroli bila kufikiri. Mama hajazoea. Alisikia neno la kwao na akalifuata, na ili mwanawe apate kulala alimimina tangini dumu zima, kila tone tulilokuwa nalo la kupikia.

Nilikuwa na maneno, yale makali, yamejipanga ulimini. Tangu Pasaka nilikuwa nayatafutia siku.

"Jocelyne?" sauti yake ikashuka. "Nimeharibu?"

Ruphin alikuwa ananitazama. Nikameza yote.

"Hapana, Mama. Iko nakimbia muzuri sana."

Nilipokata simu Seif alikuwa amekaa chini kwenye ukingo wa barabara, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. "Kumbe tumelipikia gari chai!" Ruphin hakucheka, lakini alimpa mkono kumwinua, na hakumwachia haraka. Basi, yakaisha.

Wakalala chini ya gari kufungua tangi, na mimi kwa mara ya kwanza siku ile nikapata kazi ya miguu yangu. Nilikimbia na dumu la Seif hadi kituo cha mafuta, kitenge nimekikunja magotini, nikarudi limejaa esansi, vidole vinaniuma kwa uzito wake. Seif akasugua plagi kwa pindo nililochana kwenye kitenge hichohicho. Injini ikakataa, ikakataa, ikakubali. Wakaiacha ingurume mpaka moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha.

Mlinzi alikuwa ameanza kuvuta geti. Nikaweka mguu katikati.

"Mama mwenye miwani anatungoja," nikamwambia kwa sauti niliyonayo. Akafungua.

Mrija ukaingia tena. Sikuweza kutazama, nikahesabu matundu ya ukuta. Nikasikia mkaguzi anagonga muhuri.

Dirisha la usajili lilikuwa ng'ambo ya ua. Kijana wa ndani akapitia karatasi zote, akachapisha cheti, akakisukuma chini ya kioo. Ruphin akakipokea kwa mikono miwili. Akasoma jina lake, pale pa mwenye kulijenga. Akakigeuza nyuma, akakigeuza tena mbele, anatafuta kitu.

"Inaisha lini?" akauliza.

"Nini?"

"Hii. Narudi tarehe gani?"

"Stika ya kioo ndiyo ya kila mwaka," kijana akasema. "Cheti hakiishi. Gari limesajiliwa, basi."

"Haiishi?"

"Haiishi, kaka."

Ruphin hakubanduka dirishani. Mtu wa nyuma yetu akafyonza, nami nikageuka nimpe lake, nikakuta siwezi. Nikalia pale mbele ya watu, na sikuona haya.

Nyumbani mama mkwe alikuwa kwenye ngazi, dumu tupu la jiko miguuni, hajapika. Ruphin akachuchumaa mbele yake akamwekea cheti mapajani. Yeye hasomi Kiingereza, akakipapasa tu.

"Hii haiishi, Mama. Hata siku moja."

"Mungu asifiwe." Akafikiri kidogo. "Na yako?"

"Yangu ya ukimbizi iko naisha mwezi wa kumi na moja."

Mama akalitazama gari pale uani, aliloliombea asubuhi toka gurudumu hadi usukani.

"Sasa na yeye," akauliza, "hawezi kukuombea?"

Ruphin akacheka, mara ya kwanza siku ile, halafu akaacha.