Machipukizi ya Paskalia

Mwaka wa Operesheni Vijiji, serikali ilipohamishia watu vijiji vipya, Paskalia alipewa asubuhi moja tu ya kufunga mizigo. Mjane huyo wa Kizinza aliacha migomba aliyoilea miaka ishirini, udongo wake mweusi kwa samadi, majivu na maganda. Lori lilipokuwa linapiga honi aling'oa machipukizi kumi na mawili, akayafunga kwenye kanga yakiwa na udongo wake, akapanda garini.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara ya Geita, juu ya changarawe. Aliyempokea ni Mwahija, mama yake Chiku, mke wa Akida fundi cherehani. Alimlaza jikoni kwake, yeye na mwanawe Donatus, mwezi mzima, mpaka akapata kibanda. Paskalia hakuwa na cha kumshukuru nacho ila machipukizi. Alimpa sita, akamsaidia kuyapanda katikati ya migomba yake ya siku nyingi; sita yaliyobaki akayapanda kibandani kwake.

Mwaka wa pili mvua za kwanza zilikuja na upepo, migomba minane ya Mwahija ikalala chini. Baadaye ilianguka hata bila upepo, ndizi zikiwa bado nyembamba kama vidole vya mtoto.

"Ni Zuwena huyo," Mwahija alimwambia Paskalia. Zuwena alikuwa bi mdogo, Akida amemwoa kutoka Nyahanga miezi michache tu iliyopita. "Tangu aingie humu hakuna kinachosimama. Amefukia kitu shambani."

Paskalia alikwenda shambani kwa Mwahija peke yake, akapasua kwa panga kitako cha mgomba ulioanguka. Kilikuwa kimetobolewa vijia vyeusi, na ndani ya kimoja alijikunja funza mweupe, mnene, mtoto wa fukusi. Alimjua. Kule kwao walikuwepo miaka yote, ila udongo ulikuwa na nguvu. Mgomba uliliwa huku unakua. Na kabla ya kupanda chipukizi, watu waliparua kitako kwa kisu mpaka kikawa cheupe, mayai yasibaki. Yake hakuyaparua. Alitaka zawadi ionekane kubwa.

Alikifukia kile kitako akarudi kwake. Akisema, nani atamkaribisha tena kijijini pale?

Wiki haikuisha, Akida akampa Zuwena talaka. Msichana alisimama barabarani na sanduku lake la bati, akingoja basi la Kahama arudi kwao. Paskalia alipopita, Zuwena alimwamkia kwa sauti ndogo:

"Shikamoo, Mama Donatus."

"Marahaba, mwanangu."

Akapita. Basi lilipoondoka miguu ya Paskalia ikampeleka moja kwa moja kwa Mwahija, aliyekuwa anachambua mchele uani.

"Mama Chiku, Zuwena hakufanya kitu. Ni fukusi. Walikuja na machipukizi yangu."

Mwahija hakuinua uso. "Najua."

"Unajua?"

"Bwana shamba alinipasulia mgomba siku zile za upepo, akanionyesha."

"Na ukamwacha mtoto wa watu aondoke na jina la uchawi?"

Mwahija aliweka ungo chini. "Na wewe umejua tangu lini, Mama Donatus? Leo? Mbona umengoja basi liondoke?"

Waliing'oa migomba yote wiki ile, kila mmoja shambani kwake, wakaichoma. Mahali pake wakapanda muhogo. Kisimani walisalimiana kama kawaida, hali ya nyumbani, hali ya watoto, na hakuna aliyekaa kungoja ndoo ya mwenzake ijae.