Mkwe Ng'ambo ya Uwanja

Rahma alishavuka uwanja wa zamani wa boma la Kisarawe mara nyingi kuliko mbuzi wa mji ule, na jua lilikuwa halijafika hata utosini. Upande mmoja, kwenye ukuta wa boma, alisimama mchumba wake Faraji, mwalimu wa historia, kaupa ukuta uso na dunia mgongo. Upande wa pili, kwenye baraza la duka la vitenge, alikaa mama yake, Bi Hajira, kajifunika khanga mpaka puani. Katikati ni yeye, mtu mzima mwenye akili zake, amegeuzwa posta.

Ati heshima ya mkwe! Mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, hapishani naye njiani. Nyumbani kwao Mlandizi Rahma aliiona ni adabu nzuri tu. Lakini Mlandizi hakuna mkwe aliyewahi kutakiwa amtembeze mama mkwe mjini kwa miguu. Wazo lilikuwa la Bi Hajira mwenyewe. Posa ilishapokelewa, baba alisharidhia, ila yeye alishikilia kwamba hamwozi mwanawe mahali ambapo hajapakanyaga. Akipachukia, harusi hakuna. Rahma alimjua mama yake, akikataa amekataa, na yeye alimtaka Faraji, pamoja na kichwa chake kigumu.

"Mwambie mama," Faraji aliuambia ukuta, "hapa ndipo babu zetu walipopangwa mstari na Wajerumani, wakapelekwa kulima pamba kwa viboko."

Rahma akavuka, akafikisha.

"Mimi nimeuliza maji mnateka wapi," alisema Bi Hajira. "Leo, siyo enzi za Mjerumani. Kamwambie."

Akavuka tena.

"Mwambie kwenye maji tutafika. Kwanza aitazame ile nguzo waliyofungiwa babu zetu."

"Faraji, mama anaumwa magoti!"

"Ndiyo maana nimeanza na nguzo. Iko karibu."

Rahma akavuka. Wauza machungwa walishaacha biashara, wanamtazama anavyokwenda na kurudi. Alipofika barazani hakuwa na nguvu ya kueleza habari za nguzo.

"Anasema maji yapo tele, mama. Bomba liko mlangoni kabisa."

Bi Hajira akashusha khanga kidogo. "Mlangoni? Basi twende nikalione."

Akainuka papo hapo, akashuka baraza, mguu ukakosa ngazi. Puu! Mama wa watu akajikuta kakaa ndani ya mtaro mkavu, ndala moja huku, nyingine kule.

"Mamaaa!" Rahma alipiga ukelele.

Faraji alikuja mbio, kisha akasimama ghafla, akageuka nyuma kama aliyeitwa. "Mwambie mama pole sana!"

"Mwambie asinisogelee!" alifoka Bi Hajira toka mtaroni. "Mwambie ageukie huko huko!"

"Ambianeni wenyewe!" Rahma alipasuka. "Nimechoka! Mama kifundo kinavimba, wewe mwanaume umesimama unatazama machungwa! Mimi simwambii mtu neno!"

Faraji akafumba macho, akarudi kinyumenyume, akainama, akaupitisha mkono wa mama mkwe begani kwake. Wakaanza kujikokota kuelekea kwenye bodaboda, kipofu wa kujitakia akimwongoza kiguru, Rahma nyuma yao na ndala mkononi. Hatua chache tu, wakaipamia meza ya machungwa.

"Fumbua macho, mwanangu," alisema Bi Hajira. "Utatuua wote."

Faraji akafumbua.

"Sasa niambie wewe. Bomba liko mlangoni?"

Rahma alisimama. Alimkazia Faraji macho kisogoni, akimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo, mara hii moja tu.

"Hapana, mama," alisema Faraji. "Liko chini kule bondeni. Tunateka kwa zamu, na Ijumaa hayatoki."

Rahma aliiona harusi yake ikiondoka. Ndipo mama yake akageuka, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye zile ndala, kisha akamrudia mkwewe.

"Waambie wazee wenu waje wapange siku," alisema. "Na waje upesi. Mwongo kama huyu mimi sikai naye tena nyumbani kwangu."