Waliohudhuria Arobaini na Moja

Hadithi hii alinipa Elinipa mwenyewe, yule binti wa mjini Levolosi aliyekuja huku kijijini Akheri kwenye mazoezi ya ualimu, tunamenya ndizi, machozi yanamdondokea kwenye sufuria... basi siku ya kupimwa, yuko mbele ya darasa, chaki iko mkononi, ubaoni kachora ndizi, kaikata vipande vinne, kauliza nikila kimoja vinabaki vingapi, na darasa zima, hao hao werevu aliowabakiza ndani, wameinamia madaftari, wamemwogopa mgeni, mkono ulionyooka ni mmoja tu, na uko nje, dirishani, mkono wa mwanafunzi wake Anande, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na Mwalimu Frederick wa chuo, aliyekuja kumpima, kaacha kuandika, anauliza, "Madam, yule pale dirishani ni wa darasa gani?"... wa darasa gani, Mungu wangu, aseme wa la nne? aseme hamjui?... na andalio la somo liko mapajani kwa mzee, mwandiko wa Elinipa mwenyewe, walioandikishwa arobaini na sita, waliohudhuria arobaini na moja, watano hawapo, hawapo wapi na asubuhi kawatoa yeye, "Nyie mnaochelewa kuelewa, kachoteni maji ya jikoni," na Anande akauliza, "Tukimaliza tuingie, madam?" na yeye, "Mkimaliza kaeni huko huko," mtoto akacheka, akaona katumwa kwa kupendwa... kwa kupendwa! huyo huyo aliyemfuta matope kwa jani la mgomba wiki ile ya kwanza, madam alipoteleza mbele ya shule nzima, wenzake wanapiga miluzi, yeye anasugua sketi, "Pole madam, hapo hata mwalimu mkuu huwa anadondoka, tena yeye analia"... akisema simjui, alama anapata, mama yake anapata binti mwalimu, na huyu mtoto anashusha mkono, taratibu, wala hataunyoosha tena... "Madam?" mzee anauliza mara ya pili, kalamu inasubiri, ndoo inadondosha maji, mkono haujashuka, jamani bado haujashuka, na aibu ikampanda toka kwenye viatu mpaka masikioni, na hapo, mdomo haujafunguka bado, akajua atakachosema, ni wangu, mwalimu, wako watano, niliwaficha, na alama ziende zinakokwenda...

Haya wajukuu zangu, sogeeni, blanketi liwatoshe wote, na huyo wa pembeni mvuteni ndani, asibaki mtu nje. Laleni.