Damu ya Ndugu Wawili

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la kuyeyushia dhahabu, Maftah alimgeuza kaka yake kitandani, akamwosha, akambadilishia shuka. Mkono wa kulia wa Hamim ulikuwa umelala tu. Mkono huohuo ndio uliomfundisha Maftah usonara, hapahapa mtaani kwao Nyamisangura.

Tangu mashimo ya Nyamongo yalipoanza kutema dhahabu, wachimbaji walikuwa hawakatiki mlangoni. Ndugu hao wakawa wanakula wamesimama: chipsi, nyama choma, chai ya rangi, sigara juu ya sigara. Mwaka uliopita Hamim akaanguka kando ya jiko. Kiharusi.

Jambo lililomkosesha Maftah raha ni kwamba wote wawili walikuwa na presha, na Hamim hakuwa mtu wa kuruka dawa. Alipokwenda kliniki akamuuliza Daktari Agustina kwa nini basi kiharusi kilimpata.

"Presha haiko peke yake," daktari akamwambia. "Kuna kitu kwenye damu kinaitwa homosisteini. Sote tunacho. Kikizidi kwa mtu mwenye presha, hatari ya kiharusi inakuwa kubwa zaidi. Hebu tuwapime wote wawili."

Damu ikapelekwa Mwanza. Majibu yaliporudi, ya Hamim yalikuwa juu, na ya Maftah hayakuwa mbali. Maftah akakaa kwenye benchi la kliniki akitafuta woga, asiuone. Alikuwa amechoka mno.

Wakapewa vidonge vidogo vya njano vya asidi ya foliki, vya kushusha homosisteini, wameze pamoja na dawa ya presha. Sigara marufuku, na mboga za majani kila siku. Saida, mke wa Maftah, alivitambua vile vidonge mara moja.

"Hivi si ndivyo nilivyokuwa nameza nikiwa na mimba ya Samira?"

Hamim akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Sasa tutajifungua lini?" Hakuwa amecheka tangu aanguke.

Saida akawa ananunua mboga ya mgagani kwa jirani yao Ghati. Maftah aliula ule uchungu bila kulalamika. Hata kulalamika kulihitaji nguvu.

Jioni moja alifunga jiko akaenda kujilaza moja kwa moja. Hamim akamwita.

"Umemeza?"

"Nitameza kesho, kaka. Hata mkono wa kunyanyua kikombe sina."

"Asiye na mkono ni mimi," Hamim akasema, akiyaburuta maneno. "Mimi nina wewe wa kunigeuza. Ukianguka, atugeuze nani? Saida peke yake?"

Saida alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Maftah akainuka, akameza.

Kuanzia siku iliyofuata jiko likawa linafungwa alasiri. Wachimbaji walinung'unika, wengine wakahamia kwa sonara mwingine. Maftah akawaacha waende.

Damu yao ilipopimwa tena, daktari alitabasamu, lakini akamwonya Maftah: "Homosisteini imeshuka. Sikuapii kwamba kiharusi hakitakuja. Dawa ya presha usiiache kamwe."

Maftah alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda cha kaka yake. Njiani alidhani akifika atafurahi.

"Imeshuka?" Hamim akauliza.

"Imeshuka."

"Na yangu?"

"Na yako, kaka."

Hamim akautazama mkono wake juu ya shuka. Haukusogea.

"Haya," akasema. "Kalale."